Mwili mgumu, naweza yoga kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Nashinda ofisini nimekaa, mgongo unauma balaa, wenzangu wanasema nijaribu yoga ila mi hata vidole vya miguu sivifikii. Hii kitu imetoka wapi na naanzaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Yoga ni ya India, ina zaidi ya miaka elfu mbili, na zamani ilikuwa zaidi kutuliza akili na pumzi kuliko kujinyoosha. Mikao mingi ya leo ilishika kasi miaka ya 1930 huko Mysore, mji wa India, alikokuwa anafundisha mwalimu wa yoga Krishnamacharya, na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar, aliyekuwa mtoto mgonjwa mgonjwa, mwili mgumu kabisa, ndo akaja kufundisha watu watumie viti, mikanda na matofali ya mbao wasipofika chini, kwa hiyo ugumu wako sio kikwazo hata kidogo!

Anza dakika 10, tandika mkeka, piga magoti na mikono chini, vuta pumzi ukiushusha mgongo, itoe ukiupandisha, polepole. Mgongo ukizoea utalegea, na usingizi wengi wanasema unakuja vizuri. Ila maumivu yakishuka mguuni au ukihisi ganzi, muone daktari kwanza, tafadhali.