Muulize Fundi: Spea za trekta la zamani, zipimwe kwa kilo?

SWALI: Fundi shikamoo. Baba mkubwa alikua dereva wa trekta mashambani huko Kilosa miaka mingi, amefariki mwaka jana na kwenye stoo yake hapa Mbagala tumekuta masanduku mawili ya spea za zamani, grisi imeganda kama lami. Kuna pampu ya dizeli, krankshafti, nembo ya boneti ya Massey Ferguson, na gia moja kubwa imeandikwa C5NN halafu namba zingine. Jamaa wa chuma chakavu kaja na mzani wake, mwingine wa Gerezani kachungulia tu akasema laki tatu zote. Nijuaje ni za trekta gani na bei yake halali?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Huyo wa mzani mwambie apumzike kwanza. Na wa Gerezani, mtu anayetaja bei ya jumla bila kugeuza hata kitu kimoja ujue ameshaona kimoja anachokitaka, na mi nahisi ni pampu.

Chukua kitambaa na mafuta ya taa, usitumie brashi ya waya wala msasa, maana kinachokupa hela ni namba na namba zikifutika imekula kwako. Spea jenuini za Massey mara nyingi namba yake inaishia na M1 au M2 kama ni kipande kimoja, ukiona M91 ujue ni kitu kizima kilichoungwa. Hiyo C5NN sio Massey, hiyo ni Ford: C ni miaka ya 60, 5 ni 1965, ila huo ni mwaka iliochorwa sio mwaka iliotengenezwa, watu wengi wanachanganya hapo wanauza gia ya juzi kama ya kale.

Sasa pampu. Kama ni ya Massey Ferguson 135 (MF 135) yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, kuna uwezekano mkubwa ni pampu ya kampuni ya CAV, aina ya DPA, ubavuni ina kibati kidogo chenye aina na namba. Ipige picha kabla hujagusa kitu kingine. Halafu zungusha shafti kwa mkono, kwa mkono tu nimesema, ikigoma usiweke spana ya bomba, nimeona kijana kaivunja rota, kile kipande cha ndani kinachozunguka, hivyo hivyo mbele ya mwenye mali. Mimina dizeli safi, iache hata siku tatu, jaribu tena. Ndani kuna rota na hedi yake, yaani kipande inamozungukia, zimesuguliwa pamoja, huwezi kutoa rota ya pampu hii ukaweka kwenye hedi ya ile, kwahiyo maji yakishakula hapo pampu inabaki boksi tu. Ikizunguka laini ipeleke kwa mafundi wa pampu waiweke kwenye mashine ya kupimia, ukiwa na majibu hayo mkononi bei ni nyingine kabisa.

Krankshafti: itundike kwa kamba uigonge na nyundo ndogo. Ikilia kama kengele sawa, ikitoa sauti ya sufuria bovu ina ufa, hiyo ndo ya mzani. Angalia pia kama imegongwa 10, 20 au 30, ni sehemu ngapi za elfu ya inchi imeshachongwa, ikifika 30 mnunuzi atakukata sana kwasababu haina tena nyama ya kuchonga.

Nembo Uingereza wanazigombania wanaorudisha trekta kwenye hali ya zamani, hapa kwetu mtu anataka trekta liingie shambani msimu huu, nembo hailimi. Na uzee peke yake haupandishi bei. MF 240 za Pakistan zinatumia injini ya ukoo huohuo wa 135, kwahiyo spea mpya za bei rahisi zipo na mnunuzi atakutajia hizo hizo akushushe. Ulizia bei ya mpya maduka mawili matatu ya Kariakoo kabla hujakaa nae mezani.

Angalia vizuri chini ya masanduku kama kuna kitu kimeandikwa Valmet, zile za Finland zilizokua zinaungwa pale Kibaha. Siku hizi trekta hizo zinaitwa Valtra. Kikiwepo usikiuze haraka, mwenye Valmet inayotembea hana duka la kukimbilia, ila itabidi umtafute wewe.

Nitumie picha ya kile kibati cha pampu.