Nimechoka kuchora twiga na jua linazama, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo anko. Mimi kijana wa Moshi, nachora nawauzia watalii, sasa mwaka wa nne picha ni ileile, mlima umejaa theluji, twiga wawili, mgunga, jua linazama. Zinauzika sikatai, ila nataka kuchora mandhari inayoonyesha binadamu anavyoishi na mazingira. Nilijaribu kuchora jamaa na panga kakata mti, kila aliyeiona akasema ni kama bango la kampeni ya kupanda miti. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hahaha, hilo bango naliona hata bila kutumiwa. Mkono wako hauna shida, shida ulianza na ujumbe ndo ukatafuta mandhari ya kuubeba. Geuza. Damka mapema kabla mawingu hayajafunika Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, panda gari ya Marangu, omba ruhusa ukae kwenye kihamba cha watu, yaani shamba la nyumbani la Wachaga (omba kweli, Mchaga akikukuta umekaa shambani kwake unaandika andika utajieleza sana). Kahawa iko chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mikubwa, na pembeni unapita mfongo, ule mfereji waliochimba wazee kuleta maji kutoka juu, yaani mlima unaingia mpaka shambani kwa mtu. Sasa subiri mama aje kugeuza maji, anainama, anakandika tope na magome ya mgomba, khanga imelowa mpaka magotini. Mchore huyo.

Mlima uweke kule kwenye kona, mdogo. Mchoraji Hokusai wa Japani kwenye ile picha yake maarufu ya wimbi, miaka ya 1830 huko, mlima Fuji kaufanya kadogo nyuma, mbele ni wavuta makasia wamejikunyata kwenye mitumbwi, na Fuji bado unauona.

Halafu hiyo theluji. Barafu ya Kilimanjaro imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, wewe bado unauvalisha mlima kofia nzima, huo ni mlima wa babu yako. Chora vile vipande vilivyobaki basi, hapo hata panga huhitaji.

Kijani usikitoe kwenye tyubu ukapaka hivyo hivyo, kitapiga kelele, tia nyekundu kidogo kitulie. Jani la mgomba likipigwa na jua kwa nyuma ni kama njano, na yale makavu yanayoning'inia ni rangi ya bahasha ya kaki. Vya mbali ongeza bluu na nyeupe. Na kukosa kanvasi kusikuzuie, Edward Saidi Tingatinga miaka ya 1960 pale Dar alichorea kwenye hadibodi kwa rangi za kopo, zile za baiskeli.

Twiga usiwatupe lakini, mwezi wa saba watalii wakimiminika watakulipia kodi ya chumba. Ila ya mama na mfongo usiiuze kabla hujanitumia niione.