Mwalimu wa mazingira aanzie wapi? Anzia jikoni, stoo na kwenye ratiba ya zamu

Mleta uzi, nimekuelewa hivi: umekabidhiwa mazingira shuleni, mkuu wa shule anataka mpango wa kutunza mazingira "kila siku, siyo siku ya maadhimisho tu", na fungu la fedha hujapewa. Waliotangulia wamekushauri uunde klabu, uchore mabango na upande miti. Sipingani nao. Ila kwa miaka niliyobeba jukumu hilo nimeona klabu zikianza kwa shangwe na kufa mlezi wake anapohamishwa. Kinachobaki ni kile kilichoingia kwenye kazi ya mtu fulani kila siku: ratiba ya zamu, daftari la stoo, fomu ya manunuzi, hesabu ya mpishi. Kwa hiyo ushauri wangu wote hapa chini unarudi kwenye swali moja, "hii ni kazi ya nani, na ataifanya saa ngapi?"

Kabla hujapanga lolote, jua kwanza shule inatumia nini na inatupa nini. Kuna mpango wa kimataifa wa Eco-Schools, ulioanza mwaka 1994 chini ya Foundation for Environmental Education, unaozipa shule hatua saba: kamati yenye wanafunzi ndani yake, ukaguzi, mpango kazi, ufuatiliaji, kuingiza mambo kwenye masomo, kushirikisha jamii na kuandika ahadi ya shule. Hata usipojiunga, mfuatano wake unakufaa. Hatua ya pili, ukaguzi, ndiyo naona inarukwa zaidi, nadhani kwa sababu haitoi picha nzuri za kubandika ofisini.

Ukaguzi wa taka ufanye hivi. Chagua siku ya kawaida, isiwe ya mtihani wala ya mgeni rasmi. Taka za kutwa nzima zimwagwe kwenye turubai, wanafunzi wavae glovu na viatu vya kufunika, watenganishe: mabaki ya chakula, karatasi, plastiki, makopo, mengineyo. Kila fungu lipande kwenye mizani. Vioo na vyenye ncha aokote mtu mzima, na taka za chooni zisiguswe kabisa. Kwetu karibu kila mtu aliapa kwamba adui ni chupa za plastiki, kwa kuwa ndizo zinazozagaa uwanjani. Mizani ikasema adui ni makombo ya chakula cha mchana, kisha karatasi. Plastiki inajaza pipa lakini ni nyepesi, hivyo andika vyote viwili, uzito na ujazo, usije ukadanganywa na macho au na mizani.

Makombo yale yakatupeleka jikoni, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko kwenye semina yoyote. Walimu tulikuwa tumejiandaa kuwahubiria wanafunzi kuhusu kubakiza chakula. Mpishi mkuu akatusikiliza, akafuta mikono, akasema: "Mwalimu, mimi napika kwa namba niliyopewa. Wasipokuja, mimi nitajuaje?" Namba aliyopewa ilikuwa ya waliosajiliwa, tangu mwanzo wa muhula. Waliofika shuleni siku hiyo walikuwa pungufu, na kila siku walikuwa pungufu kwa idadi tofauti. Dawa ikawa kikaratasi: baada ya kuita majina kipindi cha kwanza, kiranja wa kila darasa anapeleka jikoni idadi ya waliopo, mpishi anajumlisha ndipo anapima. Tukaongeza jambo la pili, upawa mdogo kwa mara ya kwanza na ruhusa ya kurudi kuongezewa, maana mtoto mdogo alikuwa anapakuliwa sawa na wa darasa la mwisho. Makombo yalipungua kabla hatujatoa hotuba hata moja. Faida ya mazingira hapo ni kubwa kuliko inavyoonekana: kila kilichobakizwa kilikwishatumia maji, kuni au gesi na usafiri, na kikifukiwa penye hewa haba kinatoa methani, gesi inayopasha joto dunia zaidi ya mara 25 ya kabonidayoksaidi, uzito kwa uzito, ukipiga kwa miaka 100.

Makombo yatakayobaki, na maganda, yaende kwenye mboji. Watu wengi huikimbia mboji kwa sababu ya harufu, na harufu karibu kila mara ni kosa la mchanganyiko. Wataalamu husema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni; kwa lugha ya ndoo, weka ndoo mbili au tatu za vikavu (majani makavu, nyasi kavu, karatasi iliyochanwa) kwa kila ndoo ya vibichi. Ikinuka kama mkojo, vibichi vimezidi, ongeza vikavu. Ikinuka yai bovu, hewa haipiti, igeuze. Unyevu wake uwe kama sifongo iliyokamuliwa. Nyama na mafuta usiweke, utaalika panya. Rundo likiwa zima, katikati hupanda hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, na mwanafunzi akichomeka kipimajoto na kusoma mwenyewe, somo la bakteria halihitaji kuchorwa ubaoni. Na kama shule yako bado inachoma taka, acheni hilo kwanza, kabla ya mengine yote. Moshi wa plastiki, hasa ya PVC (ile ngumu ya mabomba), hubeba sumu iitwayo dayoksini, na wa kwanza kuuvuta ni waliotumwa kuchoma.

Sasa maji. Hapa ndipo utapata ushindi wa haraka na hoja ya kumpelekea mhasibu. Soma mita jioni baada ya wote kuondoka, andika namba na saa. Isome tena asubuhi kabla bomba lolote halijafunguliwa. Kama ni shule ya kutwa na mlinzi hajatumia maji, namba zinapaswa kulingana. Sisi tulipofanya hivyo mita ilikuwa imetembea usiku kucha. Wanafunzi wakazunguka kila bomba, yote makavu. Ikabaki tangi la juu: boya lake, linalotakiwa kufunga maji tangi likijaa, lilikuwa halifungi, maji yanamwagika kupitia bomba la kutolea maji ya ziada hadi kwenye mtaro nyuma ya jengo, mahali ambapo majani yalikuwa ya kijani mwaka mzima na sote tulikuwa tukiyasifia! Fundi alibadilisha boya asubuhi moja.

Kwa vyoo vya kuvuta maji, tia matone ya wino au rangi ya chakula kwenye tangi dogo la nyuma, usivute, subiri kama dakika 15. Rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanavuja ndani kwa ndani. Kwa bomba linalodondosha, kinga chupa. Likijaza nusu lita kwa nusu saa, hiyo ni lita 24 kwa siku na lita 8,760 kwa mwaka, bomba moja. Mwalimu wa hisabati anapata swali zuri, na hakuna mwanafunzi atakayemuuliza linamsaidia nini maishani.

Ila kugundua uvujaji bila njia ya kuutengeneza kunawavunja moyo watoto haraka sana. Weka daftari la hitilafu sehemu moja inayojulikana, lenye safu nne: nini, wapi, nani ameripoti, limetengenezwa lini. Mwalimu wa zamu awe analisaini kila jioni. Stoo iwe na akiba ya mipira ya bomba (washa, ile midogo ya ndani inayozuia maji), kwa sababu kasoro ndogo inayosubiri kibali cha kununua mpira mmoja inaweza kudondosha muhula mzima. Kama mna paa zuri, kumbuka kwamba milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja: paa la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 linakusanya hadi lita 1,600, toa kidogo kwa upotevu. Maji ya mwanzo yaache yapite na vumbi lake, na tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaliane.

Umeme nitaupitia haraka kwa kuwa hauna siri. Badilisha taa kuwa LED kadiri za zamani zinavyoungua, usizing'oe zote siku moja kama fungu hakuna. Mirija ya zamani ya floresenti ina zebaki, isivunjwe wala kutupwa na taka nyingine. Muhimu zaidi ni swichi: darasa ambalo swichi moja inawasha taa zote litawasha hata za dirishani mchana kweupe. Fundi akija kwa kazi nyingine, mwombe azitenganishe. Na mtu wa mwisho kutoka darasani awe na jina kwenye ratiba, siyo "wa mwisho".

Karatasi: trei moja ofisini ya zilizoandikwa upande mmoja, na printa ipangwe kuchapa pande mbili bila kuulizwa. Basi. Usiwapigie walimu semina ya karatasi halafu uwagawie kitini.

Miti sasa, maana najua mkuu wako ataitaka. Miti ya shule mingi huuawa na likizo. Inapandwa kwa ngoma na picha, shule inafungwa, hakuna wa kumwagilia, muhula unaofuata mnachimba mashimo yaleyale. Panda michache kuliko unavyotaka. Chagua aina zinazoota vizuri hapo kwenu, mbali na misingi ya majengo na mashimo ya vyoo. Anza na upande wa ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwa sababu kivuli hapo wanafunzi watakisikia mwilini. Kila mti uwe wa darasa fulani, na mpango wa likizo uandikwe kabla shimo halijachimbwa: nani, siku gani, ndoo ngapi. Kama jibu ni "mlinzi ataangalia", mwulize mlinzi kwanza, na iwekwe kwenye majukumu yake rasmi. Mwisho wa mwaka hesabu iliyo hai. Takwimu ya "iliyopandwa" haimsaidii mtu.

Kuna jambo ninalolisimamia hata wenzangu wakinuna: usafi na kumwagilia visiwe adhabu. Mtoto aliyechelewa akitumwa kumwagilia miti, amefundishwa kwamba mti ni wa wakosaji. Tulipoondoa hilo na kuifanya zamu ya wote, walimu wakiwemo, manung'uniko yalianzia chumba cha walimu, siyo madarasani. Yaliisha mkuu wa shule alipoonekana na ndoo.

Mashindano ya madarasa nayo yaangalie kwa jicho la pili. Zawadi ya "darasa safi" ilituletea taka zilizosukumwa chini ya mlango wa jirani kabla ya ukaguzi. Afadhali kila darasa lishindane na namba zake lenyewe za mwezi uliopita.

Kuhusu masomo, hauhitaji kuomba kipindi kipya. Mkutano wa Tbilisi wa mwaka 1977, ulioandaliwa na UNESCO pamoja na UNEP (mashirika ya Umoja wa Mataifa ya elimu na ya mazingira), ulishasema elimu ya mazingira ipite ndani ya masomo yote. Kwa vitendo, mpe kila mwalimu kitu chenye namba au chenye kuandikwa: jiografia wachore ramani ya maji ya mvua yanakopita uwanjani, lugha waandike barua halisi kwa msambazaji wakimwomba achukue tena makasha yake, sayansi wana mboji. Mwalimu wa somo anakubali haraka akiona umempunguzia kazi ya kutunga mifano.

Na stoo. Kila kinachoingia shuleni kimesainiwa na mtu. Kaa na anayeagiza, muongeze mstari mmoja kwenye fomu: kuna cha kutumika tena badala ya hiki? Sabuni ya dumu kubwa badala ya vichupa, kalamu za ubao zinazojazwa wino, vikombe vya kuosha kwenye kikao cha wazazi. Wanafunzi wanaona sana. Wakikuta meza ya kikao cha walimu imejaa chupa ndogo za maji, bango lako la ukutani limeshajibiwa.

Fedha: usiombe mwanzoni. Kusanya bili za maji na umeme za mwaka uliopita, tengeneza boya na mipira, linganisha miezi ileile ya mwaka huu, maana kulinganisha mwezi wa mvua na wa kiangazi kutakuumbua mbele ya kamati. Ukiwa na tofauti mkononi, omba sehemu ya kilichookolewa ibaki kwenye mazingira. Pata hilo kwa maandishi, kwenye muhtasari wa kikao.

Anza na mita wiki hii, mambo mengine yasubiri. Soma jioni na asubuhi kwa siku tano, ujumuishe na wikiendi, kisha lete namba hapa tuzitazame pamoja. Andika na saa ulizosoma, na kama tangi lenu hujazwa usiku sema, kwa sababu hapo mita itatembea hata kama hakuna kinachovuja.