Nyanya za mwanzo: funga joto la mchana chini ya nailoni

Ukitaka kuuza nyanya kabla soko halijafurika, huku kwetu Mufindi, mkoani Iringa, miche lazima iwe kitaluni mwezi wa saba, na mwezi wa saba ndipo baridi inapounguza hata viazi. Tunapenda vinyungu, yaani bustani za bondeni, kwa sababu maji yapo karibu. Tatizo ni kwamba hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka kutoka juu na kutuama huko huko bondeni. Kwa hiyo kabla hujahangaika na vifuniko, pandisha kitalu juu kidogo kwenye mteremko, hata kama maji utabeba kwa ndoo. Hatua chache tu zinaokoa miche.

Usiku wa kuogopa unajulikana mapema: mbingu haina wingu, nyota tele, upepo umetulia kabisa. Wingu likitanda, kalale. Nyanya hudumaa joto likiwa chini ya nyuzi 10, na likishuka hadi kwenye 0 maji yaliyomo ndani ya jani yanaganda. Asubuhi jani linalegea kama mchicha uliochemshwa, mchana limeshakuwa jeusi.

Mimi natumia fito za mianzi zilizopindwa upinde juu ya tuta la upana wa mita 1, kila hatua fito moja. (Mianzi ya ulanzi, ile pombe yetu, ipo kila kona, lakini omba kwa mwenyewe. Kesi ya mianzi haiishi leo.) Juu yake natandika nailoni inayopitisha mwanga, na usiku naongeza mifuko ya salfeti (viroba) iliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Nailoni isiguse jani, maana linapogusa ndipo linapoungua. Kingo zote zifukie kwa udongo.

Sasa joto lenyewe. Chukua madumu ya lita 20, yapake rangi nyeusi, yajaze maji, yafunge vizuri na uyalaze ndani ya kifuniko, dumu moja kila mita. Mchana yanakunywa jua, usiku yanalirudisha taratibu. Maji ya dumu moja yakipoa kwa nyuzi 10 yanatoa joto linalokaribia robo uniti ya umeme, bila kununua umeme wa LUKU. Mwezi wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini, hivyo tuta lielekeze mashariki-magharibi na madumu yakae upande wa kusini, yasiitie miche kivuli. Siku ambayo jua halikuwaka sawasawa kisha jioni mbingu ikafunguka, jaza baadhi ya madumu maji ya moto wa kuoga. Maji yanayotokota yatayakunja madumu.

Mzee mmoja jirani yangu haafiki. Kwake dawa ni jiko la mkaa chini ya nailoni. "Kijana, moto ni moto," ananiambia. Namjibu, "Shikamoo mzee, lakini moto wako unataka mtu akeshe." Na si kukesha tu: miche iliyo karibu na jiko inababuka, ya mbali inaganda, nailoni inaweza kushika moto, na hewa ya mkaa ndani ya nafasi iliyofungwa inaua mtu bila hata kunuka. Usiingize kichwa humo.

Udongo nao ni ghala la joto, mradi uwe na unyevu na upigwe jua. Mwagilia asubuhi jua likishapanda, si jioni. Na wiki hizi za baridi ondoa matandazo ya nyasi kwenye tuta. Najua tunafundishwa kutandaza, na kiangazi ni sawa, ila nyasi kavu zinazuia jua kuingia ardhini.

Funika saa 10 jioni jua lingali linawaka. Anayefunika gizani anafungia baridi. Asubuhi fungua kwenye saa 3; ukichelewa miche inaiva kwa joto, na jasho la nailoni linaleta ugonjwa wa ukungu, ambao kwa nyanya ni hasara kuliko baridi yenyewe.

Mche ulioungua majani ila shina bado kijani usiung'oe. Mara nyingi huchipua kwapani mwa majani. Lakini utachelewa, kwa hiyo uhamishie kwenye tuta lake peke yake, usichanganye na ile unayoitegemea kwa soko la mwanzo.