Koti Moja, Soksi Pea Tano

*Mjomba, mkalimani wa mikutano aliyesafiri kwa miaka mingi, anajibu maswali ya wasomaji kuhusu safari.*

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mwezi wa pili naenda Vienna siku nne, kisha Prague siku tatu. Sijawahi kukaa kwenye baridi ya chini ya sifuri. Kila ninayemuuliza ananiambia nibebe nguo nzito na nyingi. Sanduku moja limejaa, nimefungua la pili: makoti mawili, sweta sita, jinzi nne, na viatu bado. Nitazunguka mjini tu, sipandi milima. Nibebe nini hasa? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hilo sanduku la pili lirudishe juu ya kabati.

Waliokushauri wanadhani utashinda nje tangu asubuhi hadi usiku. Haiko hivyo. Utatoka hotelini, utembee dakika kumi kwenye baridi, uzame kwenye treni ya chini ya ardhi iliyojaa watu na joto lao, utoke tena dakika tano, kisha ukae makumbusho masaa mawili kwenye nyuzi 21 au zaidi. Mpaka ulale utakuwa umeingia na kutoka mara kumi na tano. Ndiyo maana nguo ya safari ya mjini naipima kwa jambo moja kabla ya yote: inavulika kirahisi?

Somo hili nililipatia Geneva, safari yangu ya kwanza ya ukalimani wakati wa baridi. Nilivaa fulana mbili za pamba, shati la pamba, sweta la pamba, na juu yake koti nene kama godoro. Ndani ya treni ya kutoka uwanja wa ndege jasho likaanza kunitiririka, lakini niliona haya kuvua, maana chini ya koti kulikuwa vurugu tupu. Nikashuka, nikaburuta sanduku mbio kuiwahi tramu, nikaikosa. Dakika kumi na mbili nilisimama pale kituoni huku upepo wa kule, wenyewe wanauita *bise*, ukinipuliza. Fulana zilizolowa jasho ziliningandia mgongoni kama tambara la deki. Koti lilikuwa nene vilevile, ila meno yalikuwa yanagongana.

Kosa lilikuwa pamba. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kwa hiyo nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu laini ya kondoo wa merino, au polista: fulana mbili za mikono mirefu na suruali ya ndani ya kubana, moja au mbili. Sufu ina heri nyingine, hainuki upesi. Ivae leo, itundike usiku, ivae tena keshokutwa.

Juu yake vaa kitu cha kunasa hewa, maana hewa iliyotulia ndiyo inayokuhifadhia joto. Sweta moja la sufu na jaketi moja jembamba la manyoya ya bata yanatosha kabisa kwa siku saba. Yote mawili yawe na zipu mbele. Sweta la kuvalia kichwani utalivua mbele za watu, mikono juu, shati limepanda hadi kitovuni. Onyesho hilo nimeshalitoa kwenye foleni ya tiketi na sina hamu ya kulirudia.

Kisha koti, moja tu. Lizuie upepo na maji, liwe na kofia yake, na lifike chini ya makalio, kwa sababu benchi la kituo cha tramu halina huruma. Lijaribu ukiwa umevaa sweta, inua mikono kama mtu anayeshusha begi kwenye rafu. Likikubana makwapani, hewa niliyoitaja haina pa kukaa. Na angalia ganda la nje kwa makini. Mwezi wa pili huko uendako halijoto huchezacheza karibu na sifuri, leo theluji, kesho mvua, na mimi mvua ya nyuzi 2 naiogopa kuliko siku kavu ya nyuzi 8 chini ya sifuri. Manyoya ya bata yakilowa hushikana mabonge, na koti linabaki mzigo.

Sasa namna ya kuvua. Ukifika mlangoni, kabla hujaingia kwenye joto, fungua zipu ya koti. Ukishaingia: glavu ndani ya kofia, kofia ndani ya mkono wa koti, skafu ifuate ikazibe nyuma yake. Koti zima sasa ni furushi moja unalolikabidhi kwenye chumba cha kutunzia makoti, na makumbusho mengi na kumbi za muziki huko zina chumba hicho. Kabla sijajizoesha hivyo nilipoteza glavu kila msimu. Nyumbani ninazo nne, zote za mkono wa kushoto.

Uzito uliopunguza kwenye sweta uhamishie miguuni na mikononi. Soksi za sufu pea tano. Usivae pea mbili kwa pamoja ndani ya kiatu kilekile. Mguu ukibanwa damu haizunguki vizuri na vidole vinakuwa vya kwanza kulalamika. Glavu pea mbili, nyembamba za kuendeshea simu na nene za kuvaa juu yake. Kofia iwe ya kufunika masikio. Utasikia watu wakisema joto la mwili karibu lote hutokea kichwani. Si kweli, kichwa ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya ngozi yako, lakini masikio yaliyoachwa wazi yatakuharibia siku hata kama kwingine kote umejifunika.

Jinzi peleka moja, ya siku kavu, na suruali ya ndani chini yake. Nyingine iwe suruali ya kitambaa kinachokauka haraka. Nguo za ndani za kawaida unajua mwenyewe idadi.

Siku ya kuondoka vaa buti na koti ndani ya ndege. Vyangu niliviweka kwenye mizani: kilo 3 na gramu 400, ambazo sanduku halikuzibeba. Dawa zako zote ziwe kwenye begi la mkononi. Na sanduku liwe lile unaloweza kulinyanyua mwenyewe kwa ngazi mbili, kwa sababu mitaa ya zamani ya Prague imetandazwa mawe, na magurudumu madogo juu ya mawe yenye theluji hayaendi popote.

SWALI: Mjomba, raba zangu ni nzuri na nimezizoea. Kuna haja gani ya buti?

JIBU: Raba nyingi zina matundu madogo ya kupitisha hewa juu ya vidole. Theluji ya mjini haibaki nyeupe, hukanyagwa ikawa tope la maji ya barafu, na tope hilo huingia humo humo. Tafuta kiatu kisichopitisha maji, kinachofunika kifundo, chenye soli ya mpira laini yenye meno. Jaribu kuikunja soli kwa mikono: ikiwa ngumu kama sahani ya plastiki, juu ya barafu utakuwa abiria wa miguu yako mwenyewe. Chukua kilicho kikubwa kidogo ili vidole vichezecheze ndani ya soksi nene, na ukivae wiki mbili kabla ya safari.

Miji mingine humwaga chumvi njiani, mingine hutumia kokoto ndogo. Chumvi huacha mistari myeupe kwenye ngozi ya kiatu na kuikausha, kwa hiyo kila jioni futa kwa kitambaa chenye maji, kisha jaza karatasi ndani kiatu kikauke mbali kidogo na hita. Ukikutana na barafu ing'aayo, hatua fupi, magoti yamelegea, mikono nje ya mifuko. Utachekesha kama bata. Wenyeji wanatembea hivyo hivyo.

SWALI: Naenda Montreal. Simu inasema nyuzi 10 chini ya sifuri, halafu chini yake inaandika "unahisi 20 chini ya sifuri". Niamini ipi?

JIBU: Ya pili ndiyo ya kupangia nguo. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa hukupokonya ile hewa ya joto iliyokuzunguka, na ngozi iliyo wazi hupoa kana kwamba ni 20 chini ya sifuri. Upepo ukikoma, unarudi kwenye 10. Kwa mji kama huo ongeza skafu ndefu ya kuvuta hadi puani, na glavu nene ziwe zile za vidole vinne chumba kimoja, maana vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Bahati yako, Montreal ina kilomita zaidi ya 30 za njia za chini ya ardhi zinazounganisha vituo vya treni, maduka na ofisi. Humo ndani utashukuru koti lenye zipu.

SWALI: Safari iliyopita simu yangu ilizima nikiwa darajani napiga picha, na chaji ilikuwa asilimia 40. Imeharibika?

JIBU: Haikuharibika, ilipata baridi. Ndani ya betri ya lithiamu mwendo wa kikemia hupungua kasi kwenye baridi, umeme unashindwa kutoka kwa nguvu inayotakiwa, simu inajizima. Iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na kifua, itoe kwa picha mbili tatu na uirudishe. Ikizima, ipashe joto mwilini kwanza. Usiichaji ikiwa baridi kama jiwe.

Pawabanki nayo ikae humo humo, na kwenye ndege iwe begi la mkononi, kwa kuwa haikubaliwi kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ya shirika ni wati-saa 100, karibu mAh 27,000. Usisahau kibadilishi cha plagi: Uingereza wana matundu matatu ya bapa, sehemu kubwa ya Ulaya bara mawili ya duara, Marekani na Kanada mawili ya bapa kwa volti 120. Soma maandishi madogo ya kifaa chako cha kukaushia nywele. Nyingi hazikubali volti za kwetu na hizo 120 kwa pamoja. Bora ukiache, hoteli nyingi wanacho.

SWALI: Ngozi yangu hupasuka kwenye baridi. Na je, miwani ya jua ni anasa?

JIBU: Hewa ya ndani yenye hita ni kavu kuliko unavyodhani, nayo inakausha ngozi kama upepo wa nje. Mafuta ya mgando kwenye kopo dogo la chini ya mililita 100, mfukoni, midomo na vifundo vya vidole kila utokapo. Losheni nzito usiku. Miwani beba: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na mchana wa huko jua hukaa chini, linakutazama machoni moja kwa moja.

SWALI: Mwavuli?

JIBU: Kwa London, ule mdogo wa kukunja. Kwenye theluji na upepo, hapana, koti lako lina kofia.