Fundi, gari haliwaki!

Ujumbe wa wiki hii karibu wote ni gari kukataa kuwaka. Nimechagua michache.

Fundi, Toyota yangu haiwaki. Tatizo nini? (Tabata)

Sijui. Haiwaki vipi? Stata haizungushi injini, au inazungusha lakini injini haishiki? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na dawa zake hazikutani. Nimeshalisema hili mpaka nimechoka. Uliza tena, na utaje mwaka na aina ya injini.

Asubuhi nasikia ta-ta-ta-ta na taa za dashibodi zinafifia. Betri ni mpya, ina wiki mbili. Sasa fundi anataka ninunue na stata. (Mbagala)

Funga pochi kwanza. Ta-ta-ta-ta ni umeme haufiki, na stata haijashtakiwa bado. Juzi nililetewa Corolla imevutwa kwa kamba, mwenyewe yuko kwenye betri ya tatu. Nikashika tuminali ya hasi kwa vidole viwili, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ndani kumejaa unga wa kijani. Maji ya moto yenye magadi, msasa kidogo, nikakaza nati, ikawaka kwa mpigo mmoja. Betri tatu!

Nunua mita, bei yake haifiki ya betri. Betri iliyolala usiku kucha isome kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12.2 ina njaa. Mtu apige stata huku unaangalia: isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, usome kati ya 13.8 na 14.4. Ukikuta 12 na kitu, alternata haichaji, na hiyo betri mpya itaifuata ile ya zamani. Halafu weka mkono mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, stata ipigwe tena. Ikizidi nusu volti, mgonjwa ni waya wa ethi, ule wa kurudishia umeme kwenye hasi ya betri. Kwenye magari ya zamani waya huu huliwa na kutu ndani ya ganda, kwa nje unauona mzima.

Langu linalia "tak" moja tu. Nikirudia mara tano sita linawaka. (Morogoro)

Kama betri na tuminali ni nzima, kopa (shaba za kupitishia umeme) za ndani ya solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata, zimelika. Kwenye stata nyingi za Denso zinabadilishwa peke yake. Anayekuuzia stata nzima kwa ugonjwa huu anauza spea, hatengenezi gari.

Nikigeuza funguo kimya kabisa, lakini taa zinawaka vizuri. Ni otomatiki. (Tanga)

Weka gia kwenye N ujaribu. Likiwaka, swichi ya gia imechoka. Likigoma, angalia fyuzi na rilei ya stata, na umuulize aliyekufungia king'ora alikata waya gani.

Corolla 110, injini 5A-FE. Stata inazungusha vizuri, haishiki. Nimeambiwa pampu ya mafuta imekufa kwa sababu haivumi ninapofungua swichi. (Dodoma)

Hapa ndipo pampu nzima zinapotupwa. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo pampu haivumi kwa kufungua swichi tu; inaanza stata ikipigwa. Fungua kile kiboksi cheusi cha kupimia chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa FP na +B kwa kipande cha waya, fungua swichi, kisha sikiliza kwenye tangi. Ikivuma, pampu inafanya kazi, angalia cheche. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, iguse chuma cha injini, stata ipigwe. Usiishike kwa mkono kama hupendi kurushwa. Hakuna cheche? Anza na distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa plagi.

Na nyie mnaotembea na taa ya mafuta ikiwaka mwezi mzima: pampu iliyo ndani ya tangi inapozwa na petroli hiyohiyo mnayoibania.

Hilux ya dizeli, 3L. Huku Njombe asubuhi linasumbua sana kuwaka. Jirani anasema nipulizie dawa ya kuwashia kwenye bomba la hewa. (Njombe)

Usithubutu. Injini hiyo ina plagi za hita, za kupasha joto kabla ya kuwasha; dawa ikikutana nazo zikiwa nyekundu, inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinapasuka. Kesho alfajiri, kabla ya kupiga stata, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu. Likiwaka upesi, kuna hewa inaingia kwenye mipira ya dizeli usiku. Likigoma vilevile, pima hita zote nne kwa mita: isiyosoma chochote imekufa. Mbili zikifa, kwa baridi ya huko utapiga stata mpaka jua litoke.

Shemeji anasema otomatiki nayo inawaka kwa kusukumwa. Kweli? (Kibaha)

Hapana. Mwache asukume yeye.