Mimi mzima wa afya, ya nini vidonge?

Juzi dada mmoja wa Kisasa, hapahapa Dodoma, aliniandikia: "Dada, tunapanga mtoto wa tatu. Wawili nimewazaa salama na sikumeza chochote mpaka nilipoanza kliniki. Mboga za majani nakula kila siku, presha sina, sukari sina. Hiyo foliki asidi si ya wagonjwa?" Mwishoni akadokeza kwamba mama mkwe ameshaiona pakiti kabatini, na tangu hapo salamu zimepoa.

Hapo kwa mama mkwe ndipo aliponigusa.

Mimi nilianza kumeza foliki asidi, ambayo ni vitamini tu ya kundi B, kabla sijashika mimba ya binti yangu. Rafiki yangu ambaye ni nesi aliniambia: ukiacha tu uzazi wa mpango, anza, usingoje dalili. Nikanunua duka la dawa, nikaweka jikoni kwenye kopo la majani ya chai ili nisisahau, kila usiku baada ya ugali nameza kimoja. Wifi yangu akaja kututembelea kutoka kijijini. Asubuhi akaamka apike chai, akafungua lile kopo. Hakuniuliza kitu. Alikunywa chai, akasifu maandazi, akaondoka zake.

Tulipokwenda kwao kwenye kipaimara ndipo nikajua kilichokuwa kimesafiri. Niliitwa ndani, mashangazi wamekaa kwenye mkeka, mama mkwe ananitazama kwa huruma iliyoniuma kuliko matusi. "Mwanangu, kama hutaki kutuzalia, si ungesema?" Walishakubaliana kwamba ni vidonge vya majira. Nikatoa pakiti kwenye mkoba, nikawasomea maandishi neno kwa neno. Shangazi mmoja akasema mtu mzima hanywi dawa, anayekunywa dawa ana lake. Na mume wangu, aliyejua kila kitu, alikuwa mlangoni anachezea simu. Tumeshayamaliza, lakini nikikumbuka ile simu bado napanda hasira.

Sikuacha. Mimba ikaingia, miezi ile sitawachosha nayo, binti akazaliwa mzima na sasa yuko chekechea anabishana na walimu. Siwezi kusema ni vidonge vilivyomfanya awe mzima. Watoto wengi huzaliwa salama bila hivyo, kama hao wako wawili. Ila hoja yako, dada, kwamba wewe ni mzima wa afya, ndiyo inayowaponza wengi.

Uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utepe bapa unaojikunja kuwa mrija, na mrija huo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Hesabu mwenyewe: hapo hedhi imechelewa kama wiki mbili tu, pengine hata kipimo cha mkojo hujanunua, na bado unasema ni uchovu. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao maji hujaa kichwani, kikawa kikubwa. Kuna wakati hata fuvu na ubongo haviumbiki. Wengi wanaopata watoto hao ni akina mama waliokuwa wazima kama wewe, hawana presha wala sukari.

Foliki asidi husaidia mrija huo ufunge vizuri, na hili halikupimwa kwa wagonjwa pekee. Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa na Waingereza ulionyesha kwamba kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hilo, foliki asidi ilipunguza kujirudia kwake kwa asilimia 72. Wewe utasema hao walikuwa na historia. Sawa. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya Hungaria, kwa wanawake wa kawaida waliokuwa wanapanga mimba. Kwenye kundi la zaidi ya 2,000 waliopewa vidonge vya vitamini vyenye foliki asidi, hakukuwa na mgongo wazi hata mmoja wala tatizo lolote la jamii hiyo. Kundi la pili, karibu idadi ileile, lisilopewa foliki asidi, matatizo hayo yalikuwa 6. Machache, ndiyo. Lakini nani anajua yatamwangukia nani?

Mboga ule, wala usiache. Mchicha, matembele, kunde, maharage, karanga za Kongwa, vyote vina foleti, yaani vitamini hiyohiyo kama ilivyo kwenye chakula. Shida ni kwamba foleti haivumilii moto wala mwanga, na sehemu yake huishia kwenye maji ya kuchemshia. Sasa fikiria mlenda wetu mkavu: umeanikwa juani, umesagwa, umekaa kwenye debe, kisha unapikwa. Mtamu, sibishi, mimi mwenyewe siuachi. Ila usiutegemee kwa kazi hii. Na unga wa uwele au mtama unaosagisha mashine ya mtaani haujaongezwa kirutubishi chochote.

Kwa hiyo anza kabla. Kiasi ni miligramu 0.4 kwa siku, ambayo wengine huandika mikrogramu 400, tangu mnapoanza kutafuta mtoto. Mimba ikiingia, wahi kliniki kabla ya wiki 12. Pale utapewa fefo, yenye madini chuma na foliki asidi pamoja, na hiyo ni ya kuendelea nayo mimba nzima kwa ajili ya damu. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Usiimeze kwa chai. Lakini ukingoja fefo ndiyo iwe mwanzo wako, mgongo wa mtoto umeshafunga au haukufunga. Anza kabla, nasema tena, maana najua mtangoja.

Na ninyi waume, pakiti ikionekana, semeni. Ukinyamaza mlangoni, mkeo anabaki kujitetea peke yake mbele ya ukoo wako. Dada, mwambie mumeo aongee na mama yake yeye mwenyewe, kabla ya Jumapili.

Dukani usiseme tu "nipe foliki asidi" ukaondoka. Kuna vidonge vya miligramu 5 pia, na hivyo ni vya kuandikiwa na daktari: aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi, mwenye kisukari, anayemeza dawa za kifafa. Tena hivyo vikubwa hupunguza nguvu ya SP, ile dawa ya kukinga malaria mnayomezeshwa kliniki mbele ya nesi. Ile ya 0.4 haina ugomvi nayo. Kwa hiyo siku ya kliniki beba pakiti yako, mwonyeshe nesi kabla hujameza SP.